Mwenyekiti Aliyejisema Mwenyewe

Wanaosema Paskazia alijidhalilisha, waje waniambie mimi, hapa hapa jikoni kwangu, nikiwa na mwiko mkononi. Nimechoka kuyasikia kwa pembeni. Eti mwenyekiti mzima anasimama mbele za watu anajitoa kasoro. Eti kiongozi akishatamka "nilikosea" basi ameshavua nguo. Nyoo! Nani kawaambia? Mimi nilikuwepo. Paskazia nimemlisha wali na maharage miaka sita, nimemtukana miaka sita, na ninayo haki ya kumsimulia kuliko hao wanaopiga domo kwenye kijiwe cha bodaboda.

Hiyo haki ya kumtukana niieleze kwanza, msije mkaniona sina adabu. Mimi naitwa Kudra, Mzaramo wa Maneromango. Nililetwa huku Rwamgasa na mume aliyekuja kuendesha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mume akaondoka na mwingine, mimi nikabaki na sufuria zangu na nikafungua mgahawa wa maturubai. Paskazia yeye ni Msukuma wa Kharumwa. Na Msukuma na Mzaramo ni watani, tangu enzi za mababu zao waliokuwa wakishuka pwani kwa miguu na mizigo mabegani. Mtani unamwambia lolote. Unaingia msibani kwake unacheka, unasema marehemu kakimbia kulima, na yeye hana ruhusa ya kununa. Akinuna anatozwa faini. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi.

Basi huyo mtani wangu ana miaka arobaini na tatu, mrefu, mikono kama ya kuvutia ng'ombe, na akikushika bega unajua umeshikwa. Kakulia kwenye pamba. Kaolewa, kazaa Edson na wadogo zake wawili, mume kafariki. Shemeji zake walitaka arithiwe. Akawaambia hana muda huo, akabeba watoto akaenda Shinyanga mjini, Kambarage, akafua nguo za watu na kuuza matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha ambavyo Wasukuma wanavitafuna mchana kutwa. Kambarage alikaa miaka minne. Aliposikia wanawake wanaponda mawe Rwamgasa, alifunga virago akaja.

Kazi yenyewe iko hivi. Wanaume wanashuka kwenye duara, ndivyo shimo la dhahabu linavyoitwa huku, wanapandisha mawe. Wanawake wanakaa chini juani na nyundo, wanayaponda mpaka yawe madogo ya kuingia kwenye karasha. Wakati ule mwanamke alikuwa haruhusiwi kusogelea duara. Eti akisogea dhahabu inakimbia! Kwa hiyo walikaa mbali kule bondeni, wanaletewa kwa toroli yale mawe ambayo wanaume wameshayachambua na kuyatupa. Paskazia alivumilia wiki mbili. Asubuhi moja akapanda mpaka mdomoni mwa duara, akakalia lundo la mawe mazuri, nyundo mapajani. Wanaume wakapiga kelele, mwingine akamwita mchawi. Yeye akawajibu, "Ikimbie basi. Mimi nimekaa hapa, nataka nione inavyokimbia." Akakaa mpaka saa nane mchana. Mimi ndiye niliyempelekea uji. Dhahabu haikukimbia popote, na kesho yake wanawake wote walipanda kwenda kukaa naye.

Ndipo wakaunda kikundi, wanawake thelathini, wakamchagua mwenyekiti. Mwenye duara, Mzee Maganga, alikubali kwa kuuma meno, maana walikuwa wanaponda vizuri kuliko watu aliowazoea.

Sasa niseme na lililo baya, maana mimi si mpambe wake. Paskazia alipokaa kwenye uenyekiti alikuwa mkali mpaka akapitiliza. Wanawake waliokuwa wanasubiri nafasi walikuwa wengi, wanapiga foleni kama wanasubiri mahindi ya msaada. Akatunga sheria: ukikosa siku tatu, nyundo yako anapewa mwingine. Ukiumwa, umeumwa. Ukifiwa, umefiwa. Siku tatu! Aliniambia bila hivyo wanaume watasema wanawake ni wavivu. Nikamwambia, "Wewe umeshakuwa mwanaume, bado ndevu tu." Akacheka sana siku ile, akaongeza maharage.

Halafu kulikuwa na salamu yake. Msukuma akiamka anamwambia mwenzake mwangaluka, kisha anamuuliza mhola, yaani salama? Na jibu ni hilo hilo siku zote: mhola duhu, salama tu. Nyumba imeungua, mhola duhu. Ng'ombe wameibwa, mhola duhu. Mpaka mkishakaa, mkishakunywa maji, ndipo unaambiwa kwamba aa, kuna jambo kidogo. Ni adabu yao, hawapendi kumrushia mtu shida mlangoni. Nilikuwa nawaambia siku mkifika ahera malaika akiwauliza mtasema mhola duhu huku mnaungua. Sasa Paskazia kila asubuhi saa moja alipita kwenye mistari ya wapondaji, mguu wa haraka, daftari kwapani. "Mhola?" "Mhola duhu." "Mhola?" "Mhola duhu." Dakika tano kawamaliza thelathini. Na alijisifu kwangu. "Mimi watu wangu nawajulia hali kila siku ya Mungu. Maganga hajawahi."

Kati ya hao thelathini alikuwepo Generosa, binti wa miaka ishirini na minne, kijiji cha jirani na kwao Paskazia, mpole, mtoto mgongoni. Jumatatu moja ya mwezi wa saba kipande cha jiwe kiliruka kikamwingia jicho la kushoto. Akajifuta, akaendelea kuponda. Jumanne akaja amejifunga kanga usoni, kalifunika lile jicho. Paskazia akapita. "Mhola?" "Mhola duhu." Akaenda kwa anayefuata. Jumatano kanga ile ile, imelowa. "Mhola?" "Mhola duhu." Akapita. Alhamisi Generosa alidondokea kwenye mawe akitapika, wakampakia kwenye bodaboda mpaka Geita. Daktari akauliza kwa nini hamkumleta Jumatatu. Jicho likatolewa.

Kwa nini hakusema? Jamani, mnauliza? Siku tatu! Na kweli, Jumatatu iliyofuata, Generosa yuko wodini, nyundo yake ikapewa mtu mwingine. Paskazia mwenyewe ndiye aliyeichukua na kuikabidhi.

Kaka yake Generosa akaenda kulalamika serikali ya kijiji, na kijiji kikataka maelezo ya maandishi. Hapo ndipo Maganga alipomwita Paskazia, akamvutia kiti, akamfungulia soda. Miaka yote hajawahi kumpa hata maji. Akamtolea karatasi iliyochapwa tayari. Imeandikwa kwamba Generosa alionywa na mwenyekiti wake asiponde bila miwani ya kujikinga, akakaidi, na alipoumia alificha kwa hiari yake. Kilichobaki ni sahihi ya Paskazia. "Ukiweka sahihi, kikundi chako kinaendelea, na kivuli cha bati nawajengea," Maganga alimwambia. "Usipoweka, mwisho wa mwezi wa nane wanakikundi watachagua mwenyekiti mwingine anayejua kushirikiana. La sivyo mawe yangu nitawapa watu wengine."

Akaja kwangu na ile karatasi mchana, akaiweka mezani pembeni ya sahani.

"Hebu isome," alisema. "Hapa kuna uongo gani? Kila siku nilimuuliza. Hakuniambia."

"Kanga uliiona?"

"Kanga gani?"

"Ya usoni. Hukuiona?"

"Sikuiona."

"Mama Edson, nilikuwa pale na birika la chai, hatua mbili. Uliiona. Wewe ukiuliza mhola ni kama mtu anayepiga hodi huku anakimbia."

Akasimama. Akanitazama vibaya, sijawahi kutazamwa vile. "Kudra, utani umekwisha leo," akasema, akakunja karatasi yake akaenda zake, chakula hata nusu hajafika.

Siku tisa hakuja. Alikula kwa mama wa chapati pale ng'ambo, anapita mbele ya turubai langu kama hanijui. Watu wakaona. Msukuma kumnunia Mzaramo! Wengine walinicheka, na mimi nikawacheka pamoja nao, lakini niliumia, nasema kweli. Nilikuwa napika nachungulia njiani.

Siku ya kumi, saa tisa alasiri, namwona anakuja na kuku kwapani. Akamweka chini, kamfunga miguu.

"Faini yako," akasema.

"Ya nini?"

"Nimemnunia mtani."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Akageuza ndoo tupu, akaikalia, akaanza kusema akitazama chini.

"Niliiona kanga. Jumanne niliiona kutoka mbali. Nikajua hapo kuna jambo. Nikasema moyoni, nikisimama nitalisikia, na nikishalisikia itabidi nilishughulikie, na leo mawe ni mengi. Nikaongeza mwendo. Ndiyo hivyo, Kudra. Niliongeza mwendo." Kisha akainua macho. "Na wewe uliiona."

"Niliiona."

"Ukafanya nini?"

"Nilimmiminia chai."

Wallahi nililia. Mimi ninayejifanya nina mdomo, mdomo huo siku ile ulikuwa wapi?

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Saa tisa, wapondaji wakishatawanyika, Paskazia anakuja anakalia ndoo, ananisimulia siku yake kuanzia asubuhi. Simwandikii, simpi ushauri. Mimi nachambua mchele wa kesho, yeye anajichambua. Nikiona ameruka jiwe namrudisha. Siku moja akasema, "Leo nimemfokea Asteria, alichelewa." Nikamuuliza kachelewa saa ngapi. Akafikiri. "Dakika kumi." Nikamuuliza na wewe ulikuwa na nini. Akafikiri tena, akachukia, akataka kuondoka, akakaa. "Nilikuwa natoka kuongea na Maganga. Yeye sikuweza kumfokea." Ndiyo hayo. Siku nyingine alikuwa na kiburi, ananiambia leo sina kosa, nikamwambia basi nenda kanisani ukawekwe kwenye ukuta na watakatifu. Mara nyingine jambo lilimshika, hawezi kulisema, anavunjavunja kijiti vidoleni mpaka kinaisha.

Haikuwa rahisi, na mtu asinidanganye ni rahisi. Mtu mzima kujitazama bila kujifichia, wakati umezoea kuwatazama wengine tu, inauma mpaka tumboni. Nilimwona akikonda.

Lakini akaanza kubadilika, na wa kwanza kuona walikuwa wapondaji. Asubuhi akawa hapiti tena. Anachuchumaa mbele ya kila mmoja, daftari kaliacha nyumbani. "Mhola duhu sitaki," anawaambia. "Niambie macho. Niambie mgongo. Umelala?" Weee, walicheka! Walidhani kalogwa. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema kitu, walikuwa wanaogopa ni mtego wa kuwapokonya nyundo. Wiki ya pili Asteria akasema kwa sauti ndogo kwamba ana mimba ya miezi mitano, na amekuwa akijifunga kitambaa tumboni isionekane. Paskazia akamhamishia kwenye kuchekecha, kivulini, na nyundo yake ikabaki ya kwake. Baada ya hapo midomo ilifunguka mpaka akawa anachelewa kumaliza, saa mbili na nusu bado yuko mstari wa pili.

Akaenda na kwa Generosa, ambaye alikuwa amesharudi kutoka hospitali. Akamwambia yote, ya kanga, ya kuongeza mwendo, ya nyundo. Generosa alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Paskazia akarudi kwangu amevunjika moyo.

"Hakunijibu kitu," aliniambia.

"Ulitaka akujibu nini? Mhola duhu?"

Safari hii hakununa.

Mwisho wa mwezi wa nane ukafika, na mkutano ukatangazwa kwenye grupu la simu: Jumamosi saa nne asubuhi, ajenda ni maelezo ya kijiji na uchaguzi. Kila mtu alijua maana yake. Paskazia akiweka sahihi, anabaki na uenyekiti na bati juu. Asipoweka, anakwenda, na anayekuja ni Philomena, mke wa msimamizi wa Maganga, mwanamke mzuri tu lakini ambaye mbele ya mumewe hajawahi kumaliza sentensi. Na wanawake wote wangerudi kule bondeni kuchaguliwa mawe ya kutupwa, hilo halikuhitaji kuandikwa kwenye ajenda. Ijumaa alasiri alikalia ndoo akaniuliza, "Nikijisema mbele zao, wakinitoa?" Nikamwambia watakutoa. Akasema, "Na nisipojisema?" Nikamwambia hapo utakuwa mwenyekiti, na mimi nitaendelea kukutukana, lakini sitakuwa nakutania.

Jumamosi nikafunga mgahawa, nikabeba birika kubwa nikaenda kujifanya nauza chai. Maganga alikuja na kiti chake cha plastiki. Wanawake walikaa kwenye mawe. Generosa naye alikuja, mtoto mgongoni, bandeji nyeupe jichoni, akakaa peke yake kando, na watu wakawa wanaogopa kumtazama.

Maganga akaongea kwa upole, kama baba. Ajali ni mapenzi ya Mungu. Binti alikuwa mkaidi. Mwenyekiti ataweka sahihi yake hapa mbele yenu, tufunge jambo hili, tusonge mbele. Akamnyooshea kalamu.

Paskazia akasimama. Karatasi alikuwa nayo, akaiweka kwenye mapaja ya Maganga, haina sahihi. Kisha akawageukia wanawake.

"Generosa hakuonywa," akasema. "Mimi ndiye mwenyekiti wake na sikumwonya. Jumanne alikuja na kanga usoni, nikaiona. Nikamuuliza mhola nikiwa natembea ili nisisikie jibu. Jumatano nikaiona tena, imelowa. Hakusema kwa sababu ya sheria ya siku tatu, na sheria hiyo niliitunga mimi, si kijiji, si Maganga. Alipokuwa wodini nyundo yake nikaitoa mimi kwa mkono huu. Sheria hiyo leo nimeifuta, na kama mtanitoa, hata huyo atakayekuja msimruhusu airudishe."

Nilisikia mtoto wa Generosa akinyonya kidole.

"Na miwani," akaendelea. "Mnakumbuka siku ya wakaguzi wa migodi? Iligawiwa miwani kumi na miwili. Niliigawa mimi. Jioni wakaguzi walipoondoka, niliikusanya mimi, nikaifuta vumbi, nikairudisha kwenye boksi nikampelekea Mzee Maganga, na nikajiona nimefanya kazi nzuri. Iko ofisini kwake mpaka leo." Akamgeukia. "Langu nimelibeba, mzee. Lako hilo hapo, sijui utaliweka wapi."

Maganga hakukasirika. Alitabasamu, na mimi nikajua amepata alichokitaka. Akasimama.

"Mmemsikia kwa mdomo wake," akasema. "Sikusema mimi. Amekiri. Mnaongozwa na mtu aliyempofusha mwenzenu. Kiongozi gani huyo? Kiongozi hakiri makosa mbele ya watu wake, watamheshimuje?"

"Ni kweli nilimwacha akapofuka," Paskazia akamjibu. "Na ni mimi niliyewapandisha hawa kutoka bondeni mpaka hapa. Wote wawili ni mimi, mzee, siwezi kuwaletea mmoja tu. Wachague wakijua wanamchagua nani."

Mnasema alijidhalilisha? Mlikuwa wapi siku hiyo? Mimi nilikuwa pale na birika mkononi, na nilimwonea fahari mpaka nikataka kupiga kelele.

"Haya, tupige kula," Maganga akasema. Kwa kawaida Msukuma akisema kula badala ya kura mimi nacheka mpaka machozi. Siku hiyo sikucheka. Akaamuru wapange mistari, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, huku yeye anawatazama nyuso. Na akakumbusha, kwa upole ule ule, kwamba mawe ni yake.

Nyuma ya Philomena walikwenda wengi. Siwalaumu, wana watoto. Wengine walikwenda wakitazama chini. Nyuma ya Paskazia walisimama tisa, Asteria na tumbo lake wa kwanza. Paskazia hakuwaita, hakumtazama mtu, alisimama tu kidevu juu.

Ndipo Generosa akainuka. Alitembea polepole, mkono mbele kidogo, maana kwa jicho moja umbali unadanganya. Alijikwaa kwenye jiwe, hakuna aliyethubutu kumshika. Akampita Philomena. Akampita Paskazia bila kumtazama, akaenda kusimama nyuma ya Asteria.

"Huyo hahesabiwi," Maganga akasema haraka. "Si mwanakikundi. Nyundo yake alishapewa mtu mwingine. Sheria yenu wenyewe."

Paskazia akageuka. "Mhesabu."

"Nimesema si—"

"Nyundo niliitoa mimi na nimesema mbele ya wote nilikosea. Sitakosea kosa hilo hilo mara mbili kwa sababu wewe limekupendeza. Mhesabu, Mzee Maganga."

Maganga akakunja mikono, hakuhesabu. Basi wanawake wakahesabu wenyewe, kwa sauti, wakianzia kwa Generosa. Moja. Asteria, mbili. Na wakati wanahesabu, mmoja akatoka kwenye mstari wa Philomena, akahamia huku. Kisha wawili. Kisha mama mmoja mnene akasema kwa hasira, "Ah, na mimi mgongo wangu nani aliwahi kuuliza!" akahama na ndugu zake watatu. Na Generosa walikuwa thelathini na mmoja, kumi na sita inatosha. Walipofika kumi na sita nikapiga kigelegele, mimi Mzaramo nisiye na kura wala kula, na chai yote ikamwagika.

Maganga akabeba kiti chake akaondoka. Msiulize kuhusu mawe. Jumatatu toroli zilikuja kama kawaida, kwani nani mwingine angeyaponda? Lakini hiyo Jumamosi hakuna aliyejua hilo, na walihama hivyo hivyo.

Watu wakamzunguka Paskazia, wanampongeza, wengine wanalia. Yeye akawapenya mpaka kwa Generosa, ambaye alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Wabeja, Generosa," akamwambia. Asante. Na huyu mwanamke ambaye sijawahi kumwona akipiga goti kwa yeyote, alipiga goti pale kwenye kokoto kama Wasukuma wanavyowapigia wakubwa wao.

Generosa akamtazama kwa lile jicho moja.

"Usinishukuru, Mama Edson. Inuka. Nimekupa kura, sijakupa msamaha. Sijui kama nitakupa. Nimekupa kura kwa sababu hao wengine wangesema nilizaliwa na jicho moja." Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Jumatatu nakuja. Nataka nyundo yangu. Na nataka miwani, na jioni usije ukanikusanyia."

Paskazia akainuka, magoti yana vumbi.

"Njoo," akasema.